Mgeni Njoo, Zeze Lipone

Ndugu msomaji, uko ugomvi wa nyumbani ambao haufikishwi kwa mjumbe wa nyumba kumi wala kwa hakimu. Mzee ana kitu alichokirithi, kijana ana kitu alichokinunua, na kila mmoja aona cha mwenzake chaja kuharibu cha kwake. Ugomvi wa namna hiyo niliukuta Saza, Wilaya ya Songwe, nilipoitikia mwaliko wa rafiki yangu wa siku nyingi. Yeye ni fundi wa karasha, yaani mashine zile zinazosaga mawe ya dhahabu.

Nilitoka Tunduma asubuhi, nikapita Mbalizi, na alasiri vumbi la Mkwajuni likanipokea. Saza ni mwenyeji wa zamani wa dhahabu. Iko katika ukanda wa Lupa, na mgodi wa New Saza ulifanya kazi huko tangu mwaka 1939 hadi 1956. Mgodi ulipofungwa, mawe yalibaki, na watu wakaendelea kuja kutoka kila upande wa nchi. Ndiyo maana katika mtaa mmoja wasikia Kibungu, Kinyiha, Kisukuma na Kinyakyusa. Na katika ua wa rafiki yangu wasikia Kigogo. Baba yake alitoka Ugogo akiwa kijana katika miaka ya 1970, akaja kutafuta riziki, akaoa, na akazeekea hukohuko. Alikuja na mfuko wa nguo na zeze moja.

Nilipofika nilimwamkia mzee, naye akanijibu kwa salamu ya kwao, "Mbukwenyi," kisha akarudi kukaa chini ya mwembe, peke yake. Chakula kilipoiva akapelekewa pale pale. Nilimtazama rafiki yangu, naye akatazama pembeni. Baadaye jioni ndipo aliponieleza.

Mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 19, hupiga kinanda cha umeme kwenye harusi na vipaimara. Siku moja aliona kwenye simu yake kijana mwenziwe akipiga chombo cha asili pamoja na muziki wa kisasa, akatamani. Akangoja babu aende hospitali kupimwa macho. Akalitungua zeze ukutani, akalitoboa kibuyu, akatia ndani kipaza sauti kidogo alichokitoa kwenye simu mbovu, akavuta waya mpaka kwenye spika yake. Alipoliwasha, zeze halikuimba. Lilipiga yowe kama king'ora, watoto wa jirani wakakimbia. Babu alirudi akalikuta likining'inia na waya tumboni. Zilikuwa zimepita wiki tatu, na tangu siku hiyo mzee hakula mezani na mjukuu wake.

"Baba ana haki," rafiki yangu aliniambia, "na mwanangu hakuwa na nia mbaya. Mimi nipo katikati. Wewe huandika mambo ya familia kila Jumapili. Basi amua."

Mimi sikuamua. Hata hivyo niliomba jambo moja: kwamba usiku, karasha zitakaponyamaza, sote tukae uani tusikilize muziki kidogo kwa ile ile spika iliyoleta balaa. Mzee aliguna, lakini hakukataa.

Kabla sijaeleza tulichokisikiliza, yafaa tuelewe zeze ni nini na lile yowe lilikuwa nini, maana mambo hayo mawili yana undugu kuliko yanavyodhaniwa.

Zeze la Kigogo ni kibuyu kilichowambwa ngozi, kikatiwa mti wa kushikia na nyuzi. Hupigwa kwa upinde mdogo wenye kamba za mkonge zilizopakwa utomvu. Utomvu ndio siri yake. Unapovuta upinde, kamba hunata kwenye uzi na kuuvuta pamoja nayo. Uzi ukishindwa kuvumilia huponyoka, hurudi nyuma, na papo hapo hunaswa tena. Jambo hilo hutokea mara mia kadhaa kwa sekunde moja. Marimba ukiyagusa hulia yakafa, na gitaa la kawaida ukilicharaza hulia likafifia. Lakini uzi unaovutwa kwa upinde hauzimi maadamu mkono wako unakwenda. Upinde unaurudishia uzi kila nguvu unayoipoteza.

Ndugu zake zeze wametapakaa ulimwenguni. Waganda wanayo endingidi. Wazungu wanayo fidla, na dada yake mkubwa ni selo, ambayo mpigaji hukaa kitini na kuishika katikati ya magoti. Wasomaji wa Unguja wanaijua sana selo, kwa kuwa ndiyo sauti nzito inayobeba fidla na ganuni katika taarabu ya asili.

Sasa lile yowe. Sauti iliyotoka kwenye spika ilirudi ndani ya kibuyu, ikaingia kwenye kipaza sauti, ikakuzwa, ikatoka kubwa zaidi, ikarudi tena, mpaka yote ikawa kelele moja isiyokoma. Fundi yeyote wa muziki anaijua adha hiyo. Lakini tazama, ndugu msomaji: kelele ile haikomi kwa sababu ile ile inayoufanya uzi wa zeze usikome. Kila nguvu inayopotea inarudishwa. Tofauti ni kwamba upinde una mkono wa mtu unaouongoza, na spika ya kijana wetu haikuwa na mtu wa kuiongoza.

Yupo mtu aliyelichukua jambo hilo la kurudisha nguvu akalifuga. Jina lake ni Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Alibuni gitaa la umeme ambalo mtetemo wa uzi hukuzwa na kurudishwa kwenye uzi wenyewe kwa nguvu ya sumaku, hata sauti ikaweza kudumu kadiri mpigaji apendavyo. Huliita gitaa lisilokoma. Kwa hiyo sumaku yake hufanya kazi ya upinde. Mtu huyo alizoea kukaa nyuma ya waimbaji wakubwa. Alishirikiana na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani katika albamu ya Mustt Mustt ya mwaka 1990. Na mwaka 2002 ikatoka albamu iitwayo Assembly, ambayo juu yake yameandikwa majina mawili: Hukwe Zawose na Michael Brook.

Hukwe Zawose hahitaji kutambulishwa kwa watu wazima wa nchi hii. Alikuwa Mgogo, mzaliwa wa Mkoa wa Dodoma, mpigaji wa zeze, ilimba na filimbi, na mwimbaji ambaye sauti yake iliweza kushuka chini kama ngoma na kupanda juu kama ya mtoto mchanga. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam ili kipaji chake kiwafae wengi. Baadaye makao yake yakawa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilifunguliwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, ilitoa albamu yake iitwayo Chibite, ambayo ni muziki wa vyombo vya asili. Miaka 6 baadaye ndipo ikaja hiyo Assembly, na umeme ukakaribishwa uani. Zawose alifariki dunia Desemba 2003.

Usiku ule wa Saza nilianza na kitu cha mbali, ili mzee asidhani nimekuja kumtetea mtu. Niliweka muziki wa David Darling, mpiga selo wa Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1941 na 2021. Mwaka 1992 kampuni ya ECM ya Ujerumani ilitoa albamu yake iitwayo Cello. Humo hakuna ngoma wala mwimbaji. Mtu mmoja anapiga selo ya mbao, kisha anapiga selo ya umeme yenye nyuzi nane, na sauti zinapandishwa moja juu ya nyingine mpaka wadhani umesimama bondeni alfajiri, ukungu ukiwa haujaondoka. Huwezi kusema wapi mbao imeishia na umeme umeanzia.

Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. "Hilo nalo ni zeze," akasema mwishoni. "Lakini ni zeze la mtu aliye peke yake, wala hana wa kumwitikia."

Kisha nikaweka Assembly. Sauti ya Zawose ilipoingia, mzee aliinua mkono tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza. Mimi nilisikiliza gitaa. Kwa maoni yangu uzuri wa kazi ile ni kwamba gitaa halishindani na mwenyeji. Linatandaza sauti ndefu chini yake kama mkeka, na mwimbaji akinyamaza linamngoja. Tena ni jambo la kukumbuka kwamba ngazi ya sauti za Kigogo ina sauti tano ambazo hazifuati vipimo vya piano. Mtu mwenye chombo cha Kizungu anayetaka kuingia humo yampasa ajipime kwa mwenyeji. Asipofanya hivyo kila kitu kitasikika kimepinda, na wajinga watasema zeze ndilo lililokosea.

Nyimbo tatu zilipokwisha, mzee alisema, "Huyu mtu wa gitaa ana adabu. Anangoja aitwe." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya utaratibu kabisa: "Mwandishi, nijibu. Huyu naye alimtoboa Zawose kibuyu?"

"Hapana, Mzee."

Rafiki yangu alicheka, akajizuia. Kijana alikuwa ametazama chini. Lakini kwa heshima aliyonayo, kijana yule hakuinuka akaondoka. Alisema: "Babu, sikutaka kuliharibu. Nilitaka lisikike. Hapa karasha zinalia mchana kutwa. Wewe ukilipiga hapo ukutani, hata mama jikoni hasikii. Tangu nizaliwe nimekusikia ukilipiga mara mbili tu."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na kwa muda hakuna aliyejibu. Kisha mzee aliunyoosha mkono wake wa kushoto kwenye mwanga wa taa. Vidole viwili vilikuwa havikunjiki. Jiwe liliviponda shimoni, miaka mingi nyuma, wala hakupenda kulisema jambo hilo mbele ya watoto. "Mara mbili hizo," akasema, "nilipiga kwa vidole vilivyobaki. Hukunikosea kwa kutoboa. Kibuyu ni kibuyu, kinaota shambani. Ulinikosea kwa kuwa hukuniuliza linavyopigwa. Ulitaka sauti yake, hukutaka kulijua."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona kwamba sote tulikuwa tunajadili waya, ilhali jambo lenyewe lilikuwa vidole. Zeze lile lilikuwa limekwisha nyamaza kabla umeme haujaligusa. Kama kijana asingelitungua, lingalikaa ukutani mpaka mzee aondoke duniani, na wajukuu wangaliligawa kama pambo. Kwa upande mwingine, kama yowe lile lisingetokea, kijana angalipata sauti moja ya kutia kwenye kinanda chake, akaridhika, na hakuna ambaye angalijua kuupaka upinde utomvu.

Wako wanaosema umeme ndio adui wa muziki wetu, na mifano wanayo. Tazama taarabu. Katika miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilipoenea mijini, kinanda kimoja cha umeme kiliweza kuiga fidla, selo na ganuni kwa vidole vya mtu mmoja, na vikundi vingi vikaona hakuna haja ya kulipa safu nzima ya wapiga nyuzi. Huyo ni mgeni aliyeingia sebuleni akamtoa mwenye nyumba. Unguja walijihadhari. Vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club vilishikilia nyuzi zao, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, kikaanza kufundisha vijana kuzipiga.

Lakini wahenga walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukoo wa Zawose wenyewe ni ushahidi. Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, alitoa mwaka 2017 albamu ya Uhamiaji, ambayo imechanganya vyombo vya Kigogo na mitambo ya kisasa ya sauti. Mwaka 2024 walifuata Pendo Zawose, binti yake, na Leah, mjukuu wake, kwa albamu ya Maisha. Hao ni wanawake waliozoea kuitikia nyuma ya wanaume wa ukoo. Sasa wameshika mbele, na umeme uliomo umewekwa kidogo, kama chumvi. Watu hao wote waliupokea umeme wakiwa tayari wanajua kupiga. Mwenyeji alikuwa nyumbani mgeni alipobisha hodi. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya Assembly na yowe la Saza, wala haihusu ubora wa mitambo.

Kwa familia zenye ugomvi kama huu, nina mambo manne ya kushauri.

Kwanza, kijana aombe kufundishwa kabla ya kuomba kuazima. Mzee anayekataa kutoa chombo mara nyingi hakatai kutoa somo, ila hajaulizwa.

Pili, irekodini sauti ya chombo kikiwa kitupu, bila nakshi yoyote, kabla hamjakiongezea kitu. Simu ya kawaida yatosha, usiku, mahali patulivu. Mwambieni mzee ataje jina la wimbo, maana ya maneno, na nani aliyemfundisha. Rekodi hiyo iwekeni mahali zaidi ya pamoja, kwa kuwa simu huibiwa.

Tatu, kipaza sauti kikae nje ya chombo, mbele yake, wala kisitobolewe kitu. Na spika iwekwe mbele ya kipaza sauti, ikiwatazama wasikilizaji; hapo yowe litapungua.

Nne, zungumzeni habari ya jina na mapato mapema. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini sheria haiwezi kumsaidia mzee ambaye mjukuu wake amepeleka wimbo wake studio akaandika jina moja. Katika ile albamu ya mwaka 2002 Mgogo na Mkanada waliandikwa wote wawili. Kama wageni wa bara mbili waliweza, babu na mjukuu wa nyumba moja hawashindwi.

Mambo hayo sikuyasema Saza. Pale yalisemwa machache. Mzee aliagiza zeze liletwe, akalipapasa mpaka akalifikia tundu, akaomba nta. Mke wa rafiki yangu akaleta kipande, akakipasha moto kwenye jiko la mkaa, na mzee akaliziba tundu kwa kidole gumba. Kisha akamkabidhi kijana upinde. "Mpaka mahindi yavunwe," akamwambia, "hakuna waya. Baada ya hapo lete spika yako, uiweke pale kwenye mwembe, mbali, nami nitakaa karibu niisikie kama ina adabu."

"Na kinanda, Babu?"

"Kinanda nacho kitajifunza kungoja."

Asubuhi, nilipokuwa nikifunga mfuko wangu, karasha zilikwisha kuamka. Katikati ya kishindo hicho nilisikia sauti ya mikwaruzo kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta. Kijana alikuwa amekaa kwenye kigoda na zeze kifuani, jasho likimtoka, na uzi ukikataa kuimba. Babu alikuwa pembeni yake na kikombe cha chai. Chai ya mjukuu ilikuwa juu ya meza hiyo hiyo.

"Tena," mzee alisema. "Usikaze mkono. Tena."

Tuonane Jumapili ijayo.